Uenyekiti Wetu na Jibu la Mwanachuo Mmoja

Katika miaka yangu ya ukufunzi nilikuwa na tabia moja ambayo leo sijivunii. Kila niliposahihisha mitihani nilinakili kwenye daftari la jalada gumu yale majibu yaliyonichekesha, kisha nikawasomea wenzangu wakati wa chai. Daftari hilo ninalo hadi sasa. Nilipokuwa nikipanga makaratasi yangu kwa ajili ya kitabu hiki nililifungua, nikacheka tena kama zamani, mpaka nilipofika kwenye ukurasa wa mtihani wa Siasa wa mwaka 1983. Hapo kicheko kikaniishia.

Swali lilikuwa langu mwenyewe: "Eleza kwa nini Tanzania iliongoza Nchi Zilizo Mstari wa Mbele. (Alama 5)." Mwongozo wa kusahihishia ulikuwa wangu pia: siasa yetu ya kutofungamana na upande wowote, hekima ya Mwalimu Nyerere, moyo wa kujitolea wa wananchi, amani na umoja ndani ya nchi, na kuwepo kwa Kamati ya Ukombozi ya OAU hapa Dar es Salaam. Hoja tano, alama tano. Mwanachuo mmoja kutoka Rungwe aliandika sentensi moja tu: "Kwa sababu sisi tuko mbali na Makaburu, na wale wetu waliokuwa karibu nao walikatazwa kwenda." Nilimpa sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hajui historia ya nchi yake, na siku ya kurudisha karatasi nikaisoma sentensi yake mbele ya darasa. Nilipomtaka aeleze ana maana gani, alisimama akasema, "Baba yangu alikuwa Wenela, mwalimu." Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Sikumbuki kumwona akinyoosha mkono tena mpaka alipomaliza chuo.

Nataka kulisahihisha jibu lile upya. Na kwa kuwa aliyekosea ni mimi, msomaji aniwie radhi nikianza na hoja zangu tano kabla ya sentensi yake moja.

Kasoro ya mwongozo wangu ni kwamba ulikuwa orodha ya sifa. Ulisema tuliongoza kwa sababu tulikuwa wema. Sikusema uongo, Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa Nchi Zilizo Mstari wa Mbele tangu zilipoanza kukutana katikati ya miaka ya sabini mpaka alipong'atuka mwaka 1985, ndipo Rais Kaunda wa Zambia akashika nafasi hiyo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kiti kilimzidi. Lakini sifa hazielezi jambo. Kaunda naye alikuwa mwema. Seretse Khama wa Botswana alikuwa mwema pia, na nchi yake haikuwa na ugomvi wa ndani. Kama wema ndio uliompa mtu uenyekiti, mbona ulitua Dar es Salaam wala haukutua Gaborone?

Chukua ramani, msomaji, kama bado unayo ile ya ukutani. Botswana ilikuwa katika umoja wa forodha na Afrika Kusini tangu mwaka 1910, na reli yake iliunganisha Rhodesia na Afrika Kusini. Lesotho imezungukwa pande zote. Msumbiji ilipopata uhuru wake mwaka 1975 ilirithi bandari iliyojengwa kwa ajili ya mizigo ya Transvaal, na maelfu ya vijana wake walikuwa chini ya ardhi katika migodi ya dhahabu. Malawi ilikwenda mbali zaidi, ikabadilishana mabalozi na Makaburu. Zambia ilikuwa na shaba, na shaba ile ilizoea kutoka kwa njia ya kusini. Kila mmoja wao alikuwa ameshikwa shati. Mtu aliyeshikwa shati anaweza kuwa jasiri, tena jasiri sana, lakini kabla ya kusema neno itambidi kwanza aangalie kitambaa kimebaki kiasi gani.

Kaunda ndiye mfano ninaoupenda, kwa sababu nilipokuwa kijana nilimdharau kwa jambo ambalo sasa namhurumia. Agosti 1975 alikaa na Vorster, waziri mkuu wa Makaburu, kwenye mazungumzo ya daraja la Victoria Falls, watu wakiwa ndani ya behewa la treni. Tulinong'ona chuoni kwamba mzee amelegea. Mwaka 1973 mpaka wake na Rhodesia ulifungwa naye akaendelea kuufunga upande wake hata wenzake walipotaka ufunguliwe. Oktoba 1978 akalazimika kuifungua tena njia ya kusini, kwa kuwa mbolea ya wakulima wake ilikuwa imekwama na mvua zilikaribia. Tukanong'ona tena. Mwaka uliofuata askari wa Rhodesia walivunja madaraja ya Chambeshi kwenye reli ya TAZARA. Nani aliilipia siasa ya ukombozi zaidi, yeye au sisi? Nadhani jibu mnalijua. Lakini kiti kilikuwa chetu, kwa kuwa sisi tuliweza kusema bila kuangalia nyuma, na wenzetu walihitaji mtu mmoja wa namna hiyo kwenye meza yao. Mwenyekiti wa kundi la watu walioshikwa mashati lazima awe yule ambaye shati lake liko huru.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya sentensi ya yule kijana ilikuwa sahihi. Tulikuwa mbali.

Nusu ya pili ndiyo iliyonichukua miaka arobaini. Wenela ni jina ambalo watu wa nyanda za juu za kusini walilitumia kwa lile shirika lililoandikisha vibarua wa kwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini. Vijana wa Rungwe walikwenda, wakakaa huko kwa mkataba, wakarudi na blanketi, baiskeli, na fedha ya mahari au ya bati. Serikali ya Tanganyika huru ilikomesha uandikishaji huo mwanzoni mwa miaka ya sitini. Ilifanya vyema, haingewezekana kuwatukana Makaburu mchana na kuwapelekea wachimbaji usiku. Lakini amri ile ilikuwa na watu ndani yake. Kuna nyumba ambazo bati lake liliishia nusu.

Basi umbali wetu haukuwa wa ramani peke yake. Sehemu yake tuliitengeneza kwa mikono yetu, kamba baada ya kamba. Machi 1961, bendera yetu haijapandishwa bado, Mwalimu aliandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika haitaweza kukaa katika Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya ubaguzi, na katikati ya mwezi uleule Afrika Kusini ikaliondoa ombi lake la kubaki. Biashara nayo ikakatwa. Desemba 1965 tukavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiliwa. Kila kamba iliyokatwa ililipiwa na mtu fulani, na kila iliyokatwa ilitupa nafasi zaidi ya kusema. Sijui njia nyingine ambayo siasa ya nje ya nchi maskini inaweza kuizalishia uongozi. Fedha za kuwashawishi wenzetu hatukuwa nazo, wala jeshi la kuwatisha. Tulichokuwa nacho ni kwamba tulikwisha kulipa kabla ya kuwataka wao walipe.

Hayo yote kijana yule aliyaandika kwa maneno manne: "wale wetu walikatazwa kwenda". Alikuwa akieleza gharama, nami nilikuwa nikisubiri sifa.

Lakini jibu zuri hupimwa kwa kulipeleka mahali pengine. Nililipeleka kaskazini, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, na hapo likaniumiza.

Miaka ileile tulipokuwa viongozi kusini, kaskazini tulikuwa tukivunja nyumba. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwalimu alikataa kumtambua, akampokea Obote Dar es Salaam. Chombo kikuu cha Jumuiya kilikuwa mkutano wa marais watatu. Tangu hapo haukukaa tena. Reli na ndege zilikuwa na makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na Arusha ofisi zilijaa watumishi, lakini juu yao hapakuwa na kikao. Jumuiya iliishi miaka sita mingine kama kuku aliyekatwa kichwa anavyokimbia uani. Ndege za pamoja zikasambaratika, Februari 1977 tukaufunga mpaka na Kenya, na ilipofika mwisho wa Juni bajeti haikupitishwa. Kugawana vyombo kulichukua mpaka Mei 1984, kwa usuluhishi wa Mswisi, Dakta Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Sisemi Mwalimu alikosea kumkataa Amin. Nilikuwa upande wake, na baada ya Kagera nani asingekuwa? Wala sisemi sisi peke yetu ndio tuliovunja; Nairobi nako walikuwapo waliofurahi. Ninachosema ni kwamba msimamo uleule mmoja, wa kutokaa meza moja na dhalimu, kusini ulitupa kiti cha mbele na kaskazini ulikivunja kikao chenyewe. Sikuwahi kufundisha mambo hayo mawili katika kipindi kimoja. Yalikuwa katika mada mbili tofauti za muhtasari, na hakuna mwanachuo aliyeuliza. Labda yule mmoja angeuliza, kama nisingemnyamazisha.

Tofauti ni ileile ya umbali. Na Makaburu hatukuwa na kitu cha kugawana. Na Kenya na Uganda tuligawana stempu, mabehewa, ndege, forodha na vyuo. Huko ndiko tulikokuwa karibu, na mtu wa karibu hawezi kuongoza kwa kukata kamba, kwa sababu kamba zenyewe ndizo jumuiya.

Nitapita haraka kwenye yaliyofuata. SADCC iliundwa Lusaka tarehe 1 Aprili 1980 na nchi tisa, ikageuka SADC kwa mkataba wa Windhoek wa Agosti 1992. Makaburu walipoondoka, Afrika Kusini yenyewe ikaingia mwaka 1994, na tangu siku hiyo hakuna anayeweza kujidai yuko mbali nayo. Kaskazini mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wiki chache baada ya kumzika Mwalimu. Mwaka 2000 tukajitoa COMESA. Mwaka 2001 tukapata sera mpya ya mambo ya nje, ile iliyoweka mbele diplomasia ya uchumi, na toleo lake lililohuishwa likazinduliwa Mei 2025.

Nimeisoma sera hiyo kama nilivyokuwa nikisoma insha, kalamu mkononi. Imepangwa vizuri kuliko insha nyingi nilizosahihisha. Inaeleza kwa urefu tunachotaka kupata: masoko, mitaji, watalii, mizigo ya bandari. Nilichokitafuta nisikione ni tuko tayari kupoteza nini. Si ajabu, sera ya uchumi haiandikwi kwa lugha hiyo. Lakini mwenzako kwenye meza ya jumuiya hakupimi kwa unachotaka. Anachotaka kujua ni kama kesho, akikufuata na ikamuuma, wewe nawe utakuwa umeumia.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 2016. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitakiwa kutia saini kwa pamoja mkataba wa ubia wa uchumi na Umoja wa Ulaya, na mwenyekiti wake wakati ule alikuwa Rais wetu, hayati Magufuli. Tukakataa. Hoja zetu zilikuwa na uzito, hasa juu ya viwanda vichanga, nami nilizisifu mbele ya wajukuu. Kenya na Rwanda zikatia saini peke yao Septemba mwaka huo. Baadaye ndipo nilipokumbuka daftari. Sisi tumo katika nchi zenye maendeleo duni kabisa, na bidhaa zetu huingia Ulaya bila ushuru tutie saini tusitie. Kenya haimo. Maua yake ndiyo ambayo yangetozwa ushuru. Tulikuwa mbali na moto ule, wao walikuwa karibu. Safari hii hapakuwa na mtu wa Rungwe aliyekatazwa kwenda popote. Ndiyo maana, nadhani, "hapana" yetu ya 2016 haikutupa wafuasi kama zile za miaka ya sitini, ingawa ilisemwa kwa sauti ileile.

Mfano wa pili ni wa SADC. Agosti 2019 tulipokea uenyekiti Dar es Salaam, na mkutano huohuo ukakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne. Siku hiyo nilitoa machozi, sioni haya kusema. Nilifikiri juu ya vijana wa FRELIMO waliopita Nachingwea na wa ANC waliopita Kongwa na Mazimbu, waliojifunza lugha hii kwa kuomba chumvi na kuuliza njia. Ilikuwa kama deni la zamani linalipwa bila kudaiwa. Kisha ikaja korona. Mwishoni mwa Aprili 2020 tuliacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Wenzetu wengi walikuwa wamejifungia ndani, sisi tukaendelea na shughuli zetu. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya njia ipi ilikuwa bora. Mimi ninayo yangu na nilizika watu. Hapa nazungumzia kiti tu. Mwezi Mei Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakapangana Tunduma. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa sisi, na jirani yetu, mwenzetu wa TAZARA, amefunga mlango kwa kutuogopa sisi. Uenyekiti ulikuwa na mwaka mmoja wa zamu na barua zenye nembo, lakini si kitu ambacho mtu angeweza kukitumia mchana ule pale mpakani.

Wa tatu bado hajapoa. Kongo imo SADC tangu 1997 na imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Rwanda imo katika Jumuiya, SADC haimo. Sisi tumo kote. Mwaka 2013 askari wetu, pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, walipigana na M23 chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na kikundi kile kikashindwa Novemba. Mwaka huohuo Kenya, Uganda na Rwanda zikawa zinakutana bila sisi. Desemba 2023 askari wa nchi zilezile tatu wakaenda tena, mara hii chini ya SADC. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Tarehe 8 Februari marais wa jumuiya zote mbili wakakutana Ikulu Dar es Salaam, kikao cha pamoja ambacho hakikuwahi kufanyika kabla yake. Machi, SADC ikaamua kuwaondoa askari wake.

Nilifuatilia kikao kile kwenye redio tangu asubuhi. Nchi yetu ilikuwa mwenyeji. Wenyeviti walikuwa wa Kenya na Zimbabwe. Nilisubiri tuseme jambo kubwa. Hatukulisema, tulikaribisha watu vizuri, na wakuu wa majeshi wakaagizwa wakutane katika siku tano. Kijana wangu wa zamani, Mungu amweke, angenieleza kwa nini kwa sentensi moja. Mzigo wa Rwanda unashuka bandarini Dar es Salaam na kupita Rusumo. Mzigo wa Kongo unashuka hapohapo. Zambia hali kadhalika. Tumeshikwa shati na pande zote za ugomvi, tena sisi ndio tuliolivaa shati lile kwa hiari, kwa sababu ndilo linalolipa mishahara.

Wako wanaosema huo ndio woga. Sikubaliani nao. Mwenye bandari hawezi kunena kama mtu asiye na jirani, na kuwakutanisha watu wasiotaka kuonana nako ni kazi. Kaskazini, miaka ile sita ya ukimya, hakuna aliyeifanya, na angekuwepo wa kuifanya pengine Jumuiya ingepona. Lakini wako pia wanaosimama kwenye makongamano na kusema Tanzania inaongoza kanda kama ilivyoongoza Mstari wa Mbele. Hao nawapa sifuri, na safari hii nina uhakika. Uongozi ule ulijengwa kwa kamba zilizokatwa, huu wa sasa unajengwa kwa kamba zinazofungwa, na anayetaka faida za aina mbili kwa pamoja atueleze ni mzigo wa nani yuko tayari kuuacha gatini.

Nimejaribu kumtafuta mwanachuo yule. Alipangiwa shule mkoani Rukwa alipomaliza, na aliyekuwa naye darasani ananiambia alistaafu akiwa mwalimu mkuu, hajui zaidi. Daftarini nimeikata ile sifuri kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni alama nne kati ya tano. Ya tano nimemnyima kwa sababu hakuitaja reli.